Mwili Kama Njia ya Ishara: Maelezo kwa Kaya Zenye Vifaa vya Kupima Afya

Si ajabu leo hapa Johannesburg kumwona mgonjwa akirejea nyumbani na vibandiko kifuani, au jirani aliyevaa saa inayohesabu mapigo ya moyo. Wengine huingiwa na hofu wakisikia kwamba baadhi ya vifaa hupitisha ishara mwilini, hata wakavivua kabla ya wakati na kumkosesha daktari vipimo alivyovihitaji. Kipeperushi hiki kinaeleza jambo hilo na tahadhari zake.

Ishara hupitaje mwilini?

Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji, nayo yana chumvi. Ndiyo maana mwili hupitisha umeme mdogo. Moyo wenyewe huzalisha umeme kila unapopiga, na vibandiko vya kipimo cha moyo kazi yake ni kuupokea.

Wahandisi waliitumia sifa hiyo kuunganisha vifaa bila waya. Katika miaka ya 1990, Thomas Zimmerman wa Marekani alionyesha kuwa watu wawili waliovaa vifaa maalumu wanaweza kupeana taarifa za kadi zao za kazi kwa kushikana mikono tu. Mwaka 2012, jumuiya ya wahandisi ya IEEE iliingiza njia hiyo katika kanuni zake za vifaa vya mwilini. Faida yake ni kwamba hutumia betri kidogo, na ishara hubaki karibu na ngozi, tofauti na mawimbi ya redio yanayosambaa chumbani.

Saa nyingi za madukani bado hutumia redio ya Bluetooth. Hata hivyo, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha vifaa viwili vidogo vya kurekebisha mapigo, vinavyowekwa ndani ya moyo bila nyaya na kuwasiliana kupitia damu na misuli ya moyo.

Je, ishara hiyo inadhuru?

Umeme wake ni mdogo mno, na mvaaji hausikii. Kumbeba mtoto au kumshika mwenza mkono hakuhamishi ugonjwa. Kinachosafirishwa ni vipimo, kama vile mapigo ya moyo au joto. Ishara haisomi mawazo wala hati za ukaazi. Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2013, inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee.

Tahadhari

• Aliyepewa kifaa na kliniki asikivue kabla ya siku aliyoambiwa. Kikimwasha au kikibanduka, arudi kwa muuguzi.

• Ngozi iwe safi na kavu mahali pa kubandika; mafuta ya kupaka hulegeza vibandiko.

• Aulize kabla ya kuoga au kutawadha iwapo kifaa kinavumilia maji.

• Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo kifuani asipande mizani inayopima mafuta ya mwili, kwani hupitisha umeme miguuni. Simu na saa za kisasa aziweke umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kifaa hicho. Amjulishe kila mhudumu wa afya kuwa anacho.

• Asibadili kipimo cha dawa kwa kufuata saa pekee.

Dalili za hatari

Maumivu ya kifua, kuzirai, kushindwa kupumua au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili havisubiri saa ithibitishe. Hata kifaa kikionyesha kuwa hali ni njema, familia ipige 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27(3), inasema hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni ya kila mtu, awe na hati au asiwe nazo.