Ushairi wa Bute Si Pambo la Harusi

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa sanaa ni tafrija, kitu cha kupitishia muda baada ya mambo mazito kwisha. Dhana hiyo haina makao Bute, kaskazini mwa Wajir, karibu na mpaka wa Ethiopia, mahali ambapo Kisomali na Kiborana hukutana kisimani na sokoni. Kwa Wasomali shairi ni shauri, ni ushahidi, na wakati mwingine ni silaha.

Zingatia umbo lake. Katika gabay, utungo mzito wa wanaume, mtunzi hushika sauti moja, na kila nusu ya mshororo sharti iwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, hata mishororo ikifika mia. (Sisi tuliolelewa kwa vina vya mwisho hujiona mafundi!) Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi mwaka 1972, kabla ya hapo sauti hiyo ilikuwa kamba ya kumbukumbu. Mghani alitakiwa alifikishe shairi neno kwa neno, tena amtaje aliyelitunga. Hivyo shairi lilivuka mbuga likiwa na mwenyewe, na aliyelaumiwa ndani yake hakuwa na pa kujificha.

Nguvu ya namna hiyo haichagui wema. Mwanzoni mwa karne ya 20, masheikh wawili, wote washairi, walipambana kwa tungo: Uways wa Barawa, kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, ambaye wafuasi wake waliieneza hadi Zanzibar na Tanganyika, na Sayyid Mohamed Abdulle Hassan wa Salihiyya. Walimwomba Mola yule yule. Mwaka 1909 wafuasi wa Sayyid walimuua Uways. Panga halikuwa la mshairi, lakini ni vigumu kuamini kwamba maneno yale makali hayakuwa yameshaiondoa haya mioyoni.

Kwa hiyo, nikiulizwa kama sanaa yaweza kuwapatanisha watu, mimi huuliza kwanza ni nani anayetunga. Wanawake wana utungo wao, buraanbur, unaoimbwa kwa ngoma na makofi, hasa harusini. Mwanamke aliyeolewa katika ukoo mwingine ana baba huku na mwana kule. Vita vikizuka, hana upande usio wake. Mapigano ya koo yalipoichoma Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa koo mbalimbali, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walisimamia soko ili pasiwe na muuzaji wa kubaguliwa. Wazee wakafikia Azimio la Al-Fatah mwezi Septemba 1993. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011.

Sidai kuwa shairi ndilo lililonyamazisha bunduki. Nasema azimio hukaa kabatini, ilhali lililoimbwa huingia hadi jikoni, kwa mtoto asiyejua kusoma. Kamati za amani zingefanya vyema kuwaalika watunzi wa Kisomali na wa Kiborana kabla ya kumwita mwandishi wa kumbukumbu. Na mwalimu wa Bute mwenye kinasa sauti, hata cha simu, aanze na kina mama, na jina la mtunzi litangulie shairi.