Je, Wajua? Kabla ya Bendeji, Pakia ORS

Mtu akiambiwa afungashe mfuko mdogo wa huduma ya kwanza kwa ajili ya kambi ya siku tatu porini, huanza na bendeji, pamba na plasta. Ni kawaida, kwa kuwa damu huonekana na hutisha. Lakini mfuko wa kuingia mfukoni mwa begi haubebi kila kitu, kwa hiyo tuanze na vile ambavyo kambini havina mbadala. Kanga safi hufunga jeraha na kutegemeza mkono uliovunjika. Fimbo mbili hugeuka kuwa gango. Mgonjwa anayeharisha na kutapika usiku kucha, mbali na zahanati, hana mbadala wa namna hiyo. Anachohitaji ni pakiti ya ORS, yaani chumvi za kunywa za kurudisha maji mwilini, yenye unga wa gramu 20.5 tu.

Kwa fomula iliyotangazwa na WHO na UNICEF mwaka 2002, unga huo una gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 2.9 za sitireti ya sodiamu na 1.5 za kloridi ya potasiamu, vyote kwa lita moja ya maji. Katika ukuta wa utumbo mdogo kuna protini inayoingiza glukosi mwilini ikiwa tu imeandamana na sodiamu, na maji huvifuata. Njia hiyo huendelea kufanya kazi hata kipindupindu kinapouvuruga utumbo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Atatokea wa kusema soda inatosha. Haitoshi: lita yake huwa na sukari inayokaribia gramu 100 au kuzidi, na sukari nyingi kiasi hicho huvuta maji kuyaingiza utumboni badala ya kuyatoa. Vidonge vya kufunga kuharisha navyo havirudishi maji yaliyopotea. Hoja nzito zaidi ni ya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita. Mchanganyiko huo husaidia kweli, ila hauna potasiamu, na kupima nusu kijiko gizani kwa tochi ni kubahatisha. Chumvi ikizidi, hudhuru. Je, jeraha linalovuja damu nyingi haliui haraka zaidi? Huua, lakini tiba yake ya kwanza ni kulikandamiza kwa nguvu, na mikono ya kufanya hivyo unayo tayari.

Kasoro ya pakiti iko kwenye chupa. Wengi hubeba chupa za nusu lita, wakamimina unga wote humo, na dawa ikawa kali maradufu. Bebeni chupa ya lita moja, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.