Mashine ya msaada bila fundi haimwokoi mtoto

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana muda wa kusubiri. Mapafu yake hayajakomaa na mwili wake hauna mafuta ya kutosha kutunza joto. Katika baridi ya Juni na Julai hapa Nyanda za Juu Kusini, hatari hiyo huongezeka.

Ndiyo maana wazazi hufurahi wanaposikia hospitali imepokea mashine za msaada. Utepe hukatwa, picha hupigwa, wafadhili hushukuriwa. Swali moja huulizwa kwa nadra: ikiharibika, nani ataitengeneza?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa tiba vya hospitali katika nchi zenye kipato kidogo. Ulikuta takriban asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi. Wakati mwingine kinachokosekana ni kitu kidogo tu, kama fyuzi au mpira wa kupitisha hewa. Mara nyingine umeme uliopanda ghafla umeunguza mashine, na hakuna aliyefundishwa kuifungua.

Mbeya: mashine pamoja na mafundi

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni miongoni mwa hospitali za Tanzania zilizoingia katika mpango wa NEST360. Mpango huo ulianza mwaka 2019 katika nchi nne: Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria. Fedha zake zimetoka kwa mashirika ya hisani, likiwemo MacArthur Foundation la Marekani, ambalo mwaka 2017 liliwapa waanzilishi wake dola milioni 15.

Mpango huu hauishii kwenye kuleta mashine. Wauguzi na madaktari hufundishwa kuzitumia, mafundi wa hospitali hufundishwa kuzitunza, na takwimu za wodi ya watoto wachanga hufuatiliwa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni mshirika katika kuandaa wataalamu wa hapa nchini.

Mfano wa vifaa vya aina hii ni Pumani, mashine iliyobuniwa na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na kujaribiwa Blantyre, Malawi. Jina hilo ni la Kichewa na linahusu kupumua kwa utulivu. Mashine husukuma hewa kupitia puani ili mapafu ya mtoto yasisinyae. Mwisho wa mpira mmoja huzamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha maji ndicho kinachopanga nguvu ya hewa. Muuguzi akiona mapovu, anajua hewa inapita.

Matokeo ya Malawi yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliotumia mashine hiyo, asilimia 71 walipona. Kwa waliopewa oksijeni peke yake, walikuwa asilimia 44. Lakini faida hiyo ipo tu pale mashine inapowaka na muuguzi anapojua kuipanga.

Iringa: bomba na wanaolitunza

Kwenye maji hali ni hiyo hiyo. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina ushirika na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, tangu mwaka 1987. Ushirika huo unaitwa Bega kwa Bega. Umesaidia karo za wanafunzi, na kupitia kundi la Saint Paul Partners umesaidia miradi ya maji vijijini. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Minnesota nao wamekuwa wakija Iringa mwezi Januari kujifunza na kusaidia kupanga mifumo hiyo.

Maji safi hupunguza kuhara, ugonjwa unaoua watoto wadogo. Lakini pampu ikifa, mama hurudi mtoni na ndoo yake. Kwa hiyo kijiji kinahitaji chombo cha kukusanya malipo, kumlipa fundi na kununua vipuri. Tangu mwaka 2019, kwa mujibu wa sheria ya maji, kazi hiyo ni ya vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA.

Mzazi ufanye nini?

Nasi pia ni wafadhili. Tunachanga kanisani, msikitini, shuleni na kwenye makundi ya WhatsApp. Kabla ya kutoa kwa ajili ya kifaa chochote, iwe kompyuta za shule au mashine ya kituo cha afya, uliza:

• Nani atakitumia, na amefundishwa?
• Fundi yuko wapi, na vipuri vinapatikana nchini?
• Umeme wa hapo unatosha, na kuna kinga ya umeme kupanda na kushuka?
• Fedha za matengenezo ya mwaka wa pili zitatoka wapi?

Majibu yakikosekana, pendekezeni sehemu ya mchango itengwe kwa mafunzo na vipuri, hata kama idadi ya vifaa itapungua.

Na kama una kijana anayependa kufungua redio kuona kilichomo ndani, mwambie kuna kazi ya ufundi wa vifaa tiba. DIT na Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha fani hiyo. Hapa Mbeya, MUST, iliyokuwa Chuo cha Ufundi Mbeya, inafundisha uhandisi. Ulizeni sifa za kujiunga mapema, akiwa bado kidato cha pili, ili asije akaacha fizikia.