Vasco da Gama aligundua njia ya nani?

Darasani tuliambiwa Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India. Sawa, lakini hebu nenda Bandari ya Kale hapo Mji wa Kale, kisha ujiulize: aliigundua, au alionyeshwa?

Mreno huyu aling'oa nanga Lisbon Julai 1497, akitafuta viungo huko viliko. Machi 1498 alipiga mizinga Msumbiji. Aprili 7 akatia nanga nje ya kisiwa cha Mombasa, akakuta mji wa nyumba za mawe na bandari yenye vyombo tele. Wenyeji hawakumwamini. Usiku wakaogelea hadi kwenye meli zake, wakaanza kukata kamba za nanga!

Akaondoka, akaenda Malindi. Huko mfalme, hasimu wa Mombasa, akampa rubani. Ndiyo, rubani: neno hilo lilikuwa la baharini kabla ya ndege kuwapo. Rubani alizijua nyota na pepo, na Mei 20 wakafika Calicut, chini ya mwezi mmoja tangu waondoke Malindi.

Kwa hiyo njia ilikuwa mpya kwa Ureno tu. Waswahili, Waarabu na Wagujarati walishaizoea, kaskazi ikiwaleta na kusi ikiwarudisha.

Mombasa ililipia. Mwaka 1505 Wareno waliuchoma mji, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus.

Basi kwenye mtihani ukiandika "aligundua", ongeza maneno mawili: "kwa Wareno".