Mashine ya Mkono Yafundishwa Kutii Tarakimu

Katika miaka ya 1940, katika mji mdogo wa Traverse City, jimbo la Michigan nchini Marekani, kazi ya mashine moja ya kuchonga chuma iligawanywa kwa watu watatu. Wa kwanza alishika karatasi iliyojaa tarakimu, akazisoma kwa sauti. Wa pili alizungusha gurudumu la mkono la kusogeza meza ya mashine kushoto na kulia. Wa tatu alizungusha gurudumu la kuisogeza mbele na nyuma. Kila jozi ya tarakimu iliposomwa, wawili hao waliipeleka meza mahali palipotajwa, kisha jino la mashine likashuka na kukata. Vijongo vidogo vilivyobaki katikati ya nukta na nukta vilisawazishwa kwa tupa.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza vielelezo vya kupimia mapanga ya helikopta. Askari yeyote aliyepata kupanda chombo hicho anaelewa kwamba panga lililopotoka haliwezi kusamehewa angani. Mwenye karakana, John T. Parsons, pamoja na mhandisi wake Frank Stulen, walitumia mashine za hesabu zilizosoma kadi zenye matundu ili kupata nukta nyingi za umbo la panga kuliko zilizoweza kuhesabiwa kwa kalamu. Baada ya hapo likazuka swali: ikiwa mashine imetoa tarakimu, kwa nini wanadamu wawili wasimame kuzifuata kwa mikono? Kwa nini tarakimu zisizungushe magurudumu zenyewe?

Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilikubali kulipia uchunguzi wa wazo hilo, na sehemu kubwa ya kazi ikafanyika katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Mwaka 1952 mashine ya kwanza ya namna hiyo ilionyeshwa hadharani. Ilisoma amri zake kutoka kwenye utepe wenye matundu, na vyombo vyake vya umeme, vilivyojaa valvu za kioo kama za redio za zamani, vilijaza makabati makubwa. Mwaka 1985 Parsons na Stulen walitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya nchi yao.

Jambo lililohitaji fedha za jeshi zima sasa linafanywa na mafundi binafsi nyumbani mwao, katika vibanda vya magari na vyumba vya uani, huko Marekani, Uingereza na kwingineko. Mara nyingi huanza na mashine kuukuu ya mkono. Inayojulikana sana ni ile iliyotoka mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, ambayo Rudolph Bannow aliichora kwa mara ya kwanza mwaka 1936 juu ya karatasi ya mfuko, na ya kwanza ikauzwa mwaka 1938. Uzito wake ni karibu tani moja. Wenye nafasi ndogo hutumia mashine ndogo za kuwekwa mezani. Programu ya kuiongoza nayo hupatikana bila malipo: ile iitwayo LinuxCNC ilitokana na kazi ya taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia viwango, iliyoifanya katika miaka ya 1990, kisha ikaendelezwa na watu wa kujitolea.

Hata hivyo, kupatikana kwa vifaa si sawa na kufaulu. Fundi anayeingia katika kazi hii anaweka rehani akiba ya nyumba, mashine yenyewe, na vidole vyake. Kwa hiyo inafaa mambo yaeleweke kwa utaratibu.

MASHINE IPIMWE KWANZA

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba kompyuta itaiponya mashine iliyochoka. Haiwezi. Meza iliyolika kwenye njia zake itayumba vilevile, iwe inasukumwa na mkono au na mota. Kabla ya kununua hata waya mmoja, fundi hana budi kuisafisha mashine, kuitia mafuta, kukaza vipande vya kurekebishia njia za meza, na kuipima kwa saa ya kupimia iliyofungwa imara. Asiporidhika na vipimo hivyo, heri fedha zake zitumike kwanza katika matengenezo.

Jambo la pili ni ulegevu wa parafujo. Katika mashine ya mkono, mtu anapogeuza gurudumu upande wa pili, gurudumu huzunguka kidogo kabla meza haijaanza kusogea, kwa kuwa kuna nafasi kati ya hesi za parafujo na nati yake. Fundi mzoefu huhisi nafasi hiyo kwa kiganja chake na kuifidia bila hata kufikiri. Kompyuta haina kiganja. Ikiamriwa kuchora duara, kila mahali meza inapogeuza mwendo pataonekana alama au ubapa, na duara halitakuwa duara tena.

Dawa yake ni kuondoa parafujo za zamani na kuweka parafujo za gololi, ambazo nati yake hutembea juu ya vigololi vya chuma badala ya kusugua. Ulegevu hupungua sana, na mota hazihitaji nguvu nyingi. Lakini dawa hii ina hatari yake. Parafujo ya kawaida hujishikilia: ukiiachia, inabaki palepale. Parafujo ya gololi ni nyepesi mno, na uzito peke yake unaweza kuizungusha. Umeme ukikatika ghafula, kichwa cha mashine kinaweza kuporomoka na kumwangukia aliyeweka mkono chini yake. Katika nyumba ambazo umeme hukatika bila taarifa, hili si jambo la kupuuzwa. Sehemu inayopanda na kushuka iwekewe breki inayoshika umeme unapokosekana, au uzito wa kuisawazisha.

MOTA NA HATUA ZAKE

Mota inayotumiwa sana nyumbani ni ile inayokwenda kwa hatua. Kwa kawaida mzunguko wake mmoja umegawanywa katika hatua 200. Ikifungwa moja kwa moja kwenye parafujo inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, basi hatua moja ni milimita 0.025. Kisanduku cha kuendeshea mota kinaweza kuzigawa hatua hizo tena. Kikiwekwa ili kihitaji mapigo 2,000 kwa mzunguko, kompyuta itatuma mapigo 400 kwa kila milimita moja.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa kazi nzima, na humfichulia fundi makosa yake. Meza ikiamriwa kwenda milimita 100 na kumbe imekwenda 50 kamili, hakuna haja ya kufungua mashine. Yaelekea kisanduku kimewekwa kwenye mapigo 4,000, na kompyuta ingali inahesabu 2,000. Sahihisho ni la dakika moja, ilimradi mtu anajua kugawanya.

Mota ya hatua ni kama askari aliyeambiwa atembee hatua mia gizani na asirudi kutoa taarifa. Akizuiwa na kisiki katika hatua ya hamsini, mkubwa wake bado ataamini kwamba amefika. Vivyo hivyo, jino likikwama katika chuma na mota ikapoteza hatua, kompyuta haitambui. Itaendelea na amri zinazofuata kutoka mahali pasipo sahihi, na kuiharibu kazi yote. Ipo mota ya aina nyingine, iitwayo servo, ambayo hutoa taarifa ya mahali ilipo kila wakati, lakini bei yake kwa kawaida ni kubwa zaidi. Anayetumia mota ya hatua achague yenye nguvu ya kutosha na asiikimbize kupita kiasi, kwa maana nguvu zake hupungua kadiri kasi inavyoongezeka.

KITUFE CHEKUNDU NA SWICHI ZA MIPAKA

Mashine iliyogeuzwa haina macho wala huruma. Kwa sababu hiyo, kitufe kikubwa chekundu cha kusimamisha mambo yote kiwekwe mahali panapofikiwa kwa mkono mmoja bila kuinama juu ya mashine. Kitufe hicho kikate umeme wa mota chenyewe. Kisiwe cha kuiomba kompyuta isimamishe, kwa kuwa huenda kompyuta ndiyo iliyopotewa na akili.

Mwishoni mwa kila njia ya meza huwekwa swichi ya mpaka. Swichi hizo zinafaa ziwe za aina ambayo umeme hupita wakati wote wa salama, na hukatika meza inapozigusa. Maana yake ni rahisi kwa kila aliyewahi kulinda lindo. Mlinzi anayesema kila mara "salama, salama" akinyamaza, kikosi huamka. Waya ukikatika au ukiguguniwa na panya, mashine itasimama, badala ya kuendelea kwa matumaini ya uongo.

Waya za mota zitengwe na waya za swichi, na ziwe na kinga ya nje iliyounganishwa na ardhi, maana umeme wa mota huweza kuzusha ishara za uongo. Visanduku vya umeme vifungwe vizuri, kwa sababu chembe za chuma hupitisha umeme. Mota isichomolewe kamwe wakati umeme umewashwa. Kisanduku kinaweza kuungua papo hapo. Na hata umeme ukizimwa, kapasita kubwa hubaki na umeme kwa muda. Asiyejua kazi za umeme wa nyumba amwite anayejua.

USALAMA WA WATOTO NA JAMAA

Karakana iliyo nyumbani ina mlango mmoja na jikoni na chumba cha watoto. Mlango huo uwe na kufuli, na swichi kuu iwe juu kuliko mkono wa mtoto. Mashine inayojiendesha yenyewe huwavutia watoto kuliko ile ya mkono, kwani huonekana kama mchezo. Isiachwe ikifanya kazi peke yake, hata kwa muda wa kunywa chai.

Mwenye kufanya kazi avae miwani ya kukinga macho, avue pete na saa, akunje mikono ya shati, na asivae glavu karibu na jino linalozunguka. Chembe za chuma zifagiliwe kwa brashi, zisifutwe kwa mkono. Nguo za karakana zifuliwe mbali na nguo za mtoto mchanga, na viatu vibaki mlangoni.

AMRI YA KWANZA

Lugha ya mashine hizi ni ya herufi na tarakimu. G0 ni kwenda upesi bila kukata. G1 ni kukata kwa mstari ulionyooka. G2 na G3 ni kukata kwa pinde, kuifuata saa au kwenda kinyume chake. M3 huwasha jino, M5 hulizima. Amri "G1 X40 F100" huipeleka meza hadi milimita 40 kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika. Ikianzia sifuri itachukua sekunde 24. Kijana anayeelewa hesabu za grafu shuleni anaweza kuandika amri hizo pamoja na baba au mama yake.

Lakini nukta moja ikikosewa, 4 itakuwa 40, na chuma kitagongana na chuma. Kwa hiyo amri mpya hujaribiwa kwanza hewani, jino likiwa juu na mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu. Ikifaulu, hujaribiwa katika ubao laini au nta. Chuma huja mwisho.

Wale watu watatu wa Michigan hawakushindwa kazi kwa uvivu. Walijua kwanza kuifanya kwa mikono, wakajua kila tarakimu ilitoka wapi na ilikuwa na maana gani, ndipo wakaikabidhi mashine. Fundi wa leo anayefuata utaratibu huo huo hataupoteza ustadi wake. Kiganja kilichozoea kuhisi ulegevu wa parafujo ndicho kitakachotambua mashine inapoanza kukosea, kabla kompyuta haijajua lolote. Mwenda pole hajikwai.