Timu ndogo ya michezo ya kompyuta ichague zana gani ya kusimamia kazi?

MCHEZO wa kompyuta unaotengenezwa na watu watatu au wanne huwa na aina nyingi za kazi kuliko idadi ya watu wenyewe. Yupo mwandishi wa programu, yupo mchoraji, yupo mtunzi wa muziki, na mara nyingi mmoja wao ndiye pia anayetafuta fedha.

Kazi hizo hutegemeana. Mchoraji akichelewesha picha za maadui, mwandishi wa programu hawezi kupima mapigano, na mtunzi wa sauti hajui kishindo kisikike wapi. Wakati huo akiba ya timu inazidi kupungua.

Mfano unaofahamika ni wa Team Cherry, kampuni ndogo ya mjini Adelaide, Australia. Mwaka 2014 ilichangiwa na umma zaidi ya dola 57,000 za Australia kupitia Kickstarter, na mchezo wake, Hollow Knight, ukatoka Februari 2017.

Miongoni mwa ahadi za wakati wa mchango ilikuwamo sehemu ya nyongeza yenye mhusika aitwaye Hornet. Sehemu hiyo ilikua hadi ikawa mchezo kamili, Silksong, uliotangazwa Februari 2019 na kuanza kuuzwa Septemba 2025. Team Cherry ilimudu kungoja kwa kuwa mchezo wa kwanza uliuza mamilioni ya nakala. Timu inayoishi kwa akiba ya miezi minane haina nafasi hiyo.

Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ya zana ni kuonyesha, kwa mtazamo mmoja, kazi zilizosalia na zipi zinaweza kukatwa.

Kwa kipimo hicho, ubao wa kadi kama wa Trello huzitosha timu nyingi. Asili ya utaratibu huo ni viwanda vya Toyota nchini Japani, ambako kadi zilionyesha vipuri vinavyohitajika. Kadi huhama kutoka safu ya kazi zinazosubiri kwenda ya zinazofanywa, kisha zinazopimwa, hadi zilizokamilika.

Kinachosahauliwa ni kikomo. Mtu mmoja asiwe na zaidi ya kadi mbili katika safu ya kazi zinazofanywa, la sivyo ubao hugeuka ghala la matamanio. Mawazo mapya yakae katika faili ya pembeni, na kila moja linapopandishwa ubaoni, jingine la uzito sawa lishushwe.

Jira, ya kampuni ya Atlassian, ina uwezo mkubwa zaidi wa kufuatilia kasoro, na hutolewa bure kwa timu isiyozidi watu 10. Hata hivyo, lazima awepo mtu wa kupanga hatua na ruhusa zake, na saa anazotumia humo zimeondolewa kwenye mchezo. Hufaa zaidi mchezo unapokaribia kutoka, kasoro zinaporipotiwa kwa mamia.

Kundi la WhatsApp, ambalo wengi huanza nalo, ni la mazungumzo tu. Uamuzi wa Jumatatu huzama chini ya vichekesho vya Jumatano.

Aidha, hakuna ubao unaorejesha faili iliyopotea. Kabla ya kujadili kadi, timu iwe na mfumo wa kutunza matoleo ya faili. Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ni ya bure na inafaa sana kwa maandishi ya programu. Picha na sauti nzito huilemea. GitHub hukataa faili inayozidi megabaiti 100 isipokuwa kwa kutumia nyongeza ya Git LFS.

Masharti nayo hubadilika. Trello ilianzishwa mwaka 2011, ikanunuliwa na Atlassian mwaka 2017 kwa dola milioni 425 za Marekani, na mwaka 2024 huduma yake ya bure ikawekewa kikomo cha washirika 10. Ni vyema kujaribu mapema kutoa kazi zako humo. Huduma ya bure hutoa nakala ya muundo wa JSON, ambao mwandishi wa programu ataweza kuusoma; nakala ya jedwali hulipiwa.

Majaribio ya wiki mbili yanatosha kuamua, na kauli ya mwisho apewe mchoraji au mtunzi wa muziki, kwani ubao ambao yeye haufungui hautaonyesha hali halisi ya kazi.