MWENYE MARADHI YA TEZI LA SHINGO AITAZAME NA MIFUPA YAKE

Wananchi wenye maradhi ya tezi la shingo, na hasa akina mama waliokwisha kukoma hedhi, wanashauriwa kutoacha wala kupunguza vidonge vyao kwa khofu ya kudhoofika mifupa. Khofu hiyo ina asili ya kweli, lakini haiondoki kwa kuacha dawa. Kinachodhuru mifupa ni homoni ya tezi kuzidi mwilini, na kuzidi huko hujulikana kwa kipimo cha damu na hurekebishwa na daktari. Maelezo yafuatayo yanaonyesha jinsi mambo haya mawili yanavyohusiana, na jinsi mgonjwa anavyoweza kuyatunza yote mawili pasi na kuliacha moja likaharibu jengine.

KAZI YA TEZI

Tezi la shingo limekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni mfano wa kipepeo aliyekunjua mabawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili mzima: mapigo ya moyo, joto la mwili, matumizi ya chakula, na pia kuvunjwa na kujengwa upya kwa mifupa. Ili litengeneze homoni hizo, tezi linahitaji madini joto, na ndiyo sababu chumvi ya kupikia hutiwa madini hayo. Wengi hudhani kwamba anayekula samaki wa bahari hawezi kupungukiwa na madini joto. Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba upungufu huo unaweza kuwapata hata watu wa visiwani, na Pemba ndiko ulikoonekana zaidi.

Maradhi ya tezi ni ya namna mbili kubwa. Homoni ikipungua, mgonjwa huchoka, huhisi baridi, ngozi hukauka, choo huwa kigumu na mwili huongezeka uzito. Homoni ikizidi, moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, jasho huwa jingi, usingizi hupungua, na mtu hukonda ingawa anakula vizuri. Ama kuvimba kwa shingo, yaani rovu, kunaweza kuonekana katika hali zote mbili, na hata kwa mtu ambaye homoni zake ziko sawa. Kwa hivyo ukubwa wa shingo pekee hautoshi kueleza hali ya homoni.

NAMNA MIFUPA INAVYODHOOFIKA

Yafaa ieleweke kwamba mfupa si kitu kilichokufa kama jiwe. Ndani yake mna chembechembe za aina mbili zinazofanya kazi wakati wote: za kwanza hubomoa mfupa mkongwe, na za pili hujenga mpya mahali pake. Kwa mtu mzima mwenye afya, mzunguko mmoja wa kubomoa na kujenga huchukua kiasi cha siku 200. Homoni ya tezi ikizidi, mzunguko huo hufupika hadi kukaribia nusu yake. Wabomoaji humaliza kazi yao, lakini wajenzi hukosa muda wa kumaliza yao, na kila mzunguko huacha upungufu.

Jambo hili si geni kwa waganga. Mwaka 1891 daktari wa Kijerumani, von Recklinghausen, alieleza habari za mwanamke kijana ambaye tezi lake lilifanya kazi kupita kiasi. Mifupa yake ilikuwa imevunjika mara nyingi, na ilipotazamwa ilionekana kama iliyoliwa na wadudu. Mwaka huo huo, katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, Dk. George Murray alieleza namna alivyomtibu mwanamke ambaye tezi lake halikufanya kazi, kwa kumpiga sindano ya maji yaliyotolewa katika tezi la kondoo. Mwanamke huyo aliishi miaka 28 baada ya hapo. Tokea wakati huo imejulikana kwamba kukosa homoni hii ni maradhi, na kuzidi kwake ni maradhi vile vile.

Wanaokabiliwa zaidi na khatari ya mifupa ni wale ambao homoni yao imezidi na hawajatibiwa. Wale wanaotumia vidonge vya levothairoksini kwa kiwango kinachopita haja ya mwili. Na wale wanaovitumia bila ya kuwa na maradhi ya tezi, kwa kutaka kupunguza unene. Akina mama waliokoma hedhi wako katika khatari kubwa zaidi, kwa sababu homoni ya kike iliyokuwa ikiilinda mifupa yao imeondoka. Katika miaka 5 hadi 7 baada ya kukoma hedhi, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake hata kama tezi lake ni zima. Hata hivyo, wanaume nao hawakusalimika.

Upungufu wa madini ya mifupa hauumi na hautoi ishara mapema. Mara nyingi hujulikana siku mtu anapoteleza akavunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kuanguka kidogo tu, au mgongo unapopinda na kimo kikapungua. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hawezi tena kujihudumia kama alivyokuwa, na mzigo huo huwa wa nyumba nzima.

KUPIMWA

Kipimo cha damu cha kuangalia tezi huitwa TSH. TSH hutoka katika tezi dogo lililo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuliamuru tezi la shingo. Kwa hivyo majibu yake husomwa kinyume: TSH ikiwa juu, kwa kawaida homoni ya tezi imepungua, ikiwa chini mno, homoni imezidi. Kwa watu wazima kiwango cha kawaida ni kiasi cha 0.4 hadi 4.0, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na hali ikishatulia hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Mgonjwa aliyetumia kidonge kile kile kwa miaka mingi bila ya kupimwa hana njia ya kujua kama kiwango hicho bado kinamfaa, kwani haja ya mwili hubadilika kwa umri na kwa uzito.

Wapo wagonjwa waliotibiwa saratani ya tezi ambao daktari huamua kwa makusudi TSH yao iwe chini. Hao wasijipunguzie dawa, bali wamuulize daktari wao juu ya ulinzi wa mifupa.

Mifupa yenyewe hupimwa kwa eksirei maalumu ijulikanayo kwa herufi DXA. Kwa mujibu wa viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, jibu la kati ya -1 na -2.5 ni upungufu wa madini ya mifupa, na jibu la -2.5 au chini ya hapo ni udhaifu kamili wa mifupa. Mashine hiyo haipatikani katika kila hospitali. Pasipokuwa nayo, daktari huangalia umri, uzito, mivunjiko iliyotangulia, wazazi waliovunjika nyonga, uvutaji wa tumbaku na dawa nyengine anazotumia mgonjwa.

KUMEZA DAWA KWA UTARATIBU

Kidonge cha levothairoksini humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya kalsiamu vinavyotolewa kwa ajili ya mifupa huzuia dawa ya tezi isiingie mwilini, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hufanya hivyo hivyo. Ni lazima dawa hizo zitenganishwe na dawa ya tezi kwa muda wa saa 4. Mwenye kuzimeza pamoja hujikuta dawa ya tezi haimsaidii. Kisha huongezewa kiwango. Na siku atakapoacha kalsiamu, kiwango hicho kilichoongezwa humzidi.

Baadhi ya wagonjwa hupewa dawa ya mifupa ya alendroneti, ambayo kwa kawaida humezwa mara moja kwa wiki. Nayo huhitaji tumbo tupu na gilasi nzima ya maji, na mgonjwa hatakiwi kulala kwa nusu saa baada ya kuimeza. Mwenye kutumia dawa zote mbili aandikiwe na mfamasia utaratibu wa siku hiyo.

Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa anayefunga azungumze na daktari kabla ya mwezi kuingia. Wapo wanaopangiwa kidonge cha tezi nusu saa kabla ya daku, na wengine wakati wa kulala, muda wa saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Kalsiamu inaweza kuliwa pamoja na futari.

Dawa ya tezi isiazimwe kwa jirani wala jamaa. Mwenye kuletewa vidonge kutoka Maskati, Dubai au kwengineko aangalie kwa makini idadi ya maikrogramu iliyoandikwa, kwani kidonge cha 50 na cha 100 vinaweza kufanana kwa sura. Aidha, wananchi wajiepushe na vidonge vya kupunguza unene visivyojulikana asili yake. Katika nchi mbali mbali vimegunduliwa vidonge vya aina hiyo vilivyotiwa homoni ya tezi kwa siri.

CHAKULA, MWENDO NA USALAMA WA NYUMBANI

Mtu mzima anahitaji kiasi cha miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200. Gilasi moja ya maziwa hutoa karibu miligramu 300. Dagaa na uono wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni chakula bora kwa jambo hili. Mchicha ni mzuri kwa afya, lakini sehemu kubwa ya kalsiamu yake haifyonzwi na mwili, hivyo usitegemewe peke yake. Vitamini D hupatikana kwa ngozi kupata jua. Mtu anayeshinda ndani au aliyejifunika wakati wote anaweza kupungukiwa nayo hata katika nchi ya jua kali. Kukaa uani kwa muda mfupi mikono na miguu ikiwa wazi kunasaidia.

Kutembea kila siku huimarisha mifupa. Aliyekwisha kudhoofika mgongo asiiname kunyanyua ndoo ya maji iliyojaa. Nyumbani, sakafu ya choo iwe kavu, ngazi ziwe na mwangaza na pa kushikilia, na mzee asiyeona vizuri apelekwe kupimwa macho.

Wagonjwa wa tezi ambao hawajapimwa damu kwa mwaka mmoja au zaidi wanaombwa kufika katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu nao, wakiwa wamechukua vidonge vyote wanavyotumia, pamoja na vile vya kalsiamu na dawa za miti shamba, ili daktari avione kabla ya kuamua kiwango.